Vifaranga na Sayansi ya Joto

Wahenga walisema kwamba kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Methali hii hutumiwa kutukumbusha huruma kwa mtu mwenye kutegemewa, lakini ndani yake mna pia jambo la elimu ya viumbe. Kifaranga aliyeanguliwa leo hawezi bado kuuhifadhi mwili wake katika joto linalofaa. Hutegemea mwili wa mama yake, kama vile alivyoutegemea alipokuwa angali ndani ya yai. Basi mtu anunuaye vifaranga wa siku moja, wasio na mama, amejitwika kazi ya kuwa mama huyo. Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa kutumia kanuni ambazo wanafunzi wa sekondari huzisoma katika fizikia, kemia na biolojia.

Nianze kwa kisa ambacho si sifa kwangu. Mwezi wa Julai wa mwaka mmoja nilikuwa likizoni Kirumba, mjini Mwanza, kwa shangazi yangu, ambaye kwa muda mrefu amefanya biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni. Alikuwa amenunua vifaranga 100 kwa akiba aliyoiweka kidogo kidogo, akitumaini kwamba mayai yao yatamwezesha kununua mabati ya nyumba yake. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma hata ng'ambo. Nionyeshe namna ya kuwatunza hawa." Nilitundika kipimajoto chumbani, nikaona kwamba usiku joto lilishuka hadi nyuzi 19 za sentigredi. Nikafunga madirisha, nikaziba nyufa kwa magunia, nikaweka majiko mawili ya mkaa. Kabla ya kulala kipimajoto kilionyesha nyuzi 34, kama vitabu vinavyoagiza. Asubuhi tulikuta vifaranga 36 wamekufa, na kipimajoto kilikuwa bado kinaonyesha nyuzi 31.

Kwa hiyo hawakufa kwa baridi. Walikufa kwa nini? Msomaji na alishike swali hilo, tutalirudia baada ya kuchunguza kwanza haja ya joto yenyewe.

KWA NINI KIFARANGA HUPOA UPESI

Yai la kuku huatamiwa kwa siku 21, katika joto la nyuzi 37.5 hivi. Kuku mkubwa ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42. Kifaranga wa siku moja ana joto la chini kidogo kuliko hilo, na huchukua muda wa wiki mbili hadi tatu kabla ya mwili wake kuweza kulidhibiti joto lake barabara kama kuku mkubwa. Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa mwili. Tuchukue mche wa sabuni wenye umbo la dadu, kila upande sentimita 1. Eneo la nje ni sentimita za eneo 6, na ujazo ni sentimita ya ujazo 1. Tukichukua dadu la sentimita 3 kila upande, eneo la nje ni 54 na ujazo ni 27. Katika dadu dogo kila kipimo kimoja cha ujazo kina vipimo 6 vya eneo, ilhali katika dadu kubwa kina 2 tu. Joto hutengenezwa ndani ya mwili, lakini hupotea kupitia eneo la nje. Kifaranga ana uzito wa gramu 40 hivi, na kuku mkubwa ana kilo 2, yaani gramu 2000. Kuku ni mzito mara 50 kuliko kifaranga. Tukichukulia kwamba maumbo yao yanafanana, eneo la nje la kuku ni kubwa mara 13.6 tu. Kwa hiyo, kwa kila gramu ya mwili wake, kifaranga ana eneo la kupotezea joto linalozidi lile la kuku kwa mara 3.7 hivi. Wanafunzi wanaweza kuihakiki hesabu hii: kipeuo cha tatu cha 50 ni 3.68, na mraba wake ni 13.6.

Sababu ya pili ni vazi. Kifaranga amevaa malaika laini tu, ambayo huzuia hewa kidogo sana. Manyoya halisi huanza kuonekana mbawani katika wiki ya kwanza, na huufunika mwili vema baada ya wiki nne hadi sita.

Sababu ya tatu ni kwamba viungo vinavyodhibiti joto havijakomaa. Kuku mkubwa akihisi baridi hutetemeka na kuunguza chakula kwa wingi zaidi. Kifaranga mchanga hujaribu, lakini uwezo wake huisha upesi.

Hata hivyo, maumbile yamempa kifaranga akiba moja. Muda mfupi kabla ya kuanguliwa, kiini cha njano kilichobaki huvutwa ndani ya tumbo lake. Akiba hiyo huweza kumlisha kwa siku mbili hivi, na ndiyo inayowezesha vifaranga kusafirishwa mbali kwa basi wakiwa katika maboksi bila ya kula. Lakini kifaranga akipatwa na baridi, akiba hiyo haitumiki vizuri. Huzubaa, hali wala hanywi, na hufa siku ya tatu au ya nne, wakati mfugaji amekwisha kusahau usiku ule wa baridi.

JOTO HUSAFIRIJE?

Joto hupotea kwa njia nne, na katika banda la vifaranga zote zinafanya kazi kwa pamoja.

Ya kwanza ni mpitisho, yaani joto kupita kutoka kitu hadi kitu kinachogusana nacho. Kifaranga akisimama juu ya sakafu ya saruji, joto lake huteremka kupitia miguuni. Ndiyo maana sakafu hutandazwa maranda au maganda ya mpunga. Huko Usukumani maganda hupatikana kwa wingi kwenye mashine za kukoboa.

Ya pili ni myuko, yaani mwendo wa hewa iliyopata moto, ambayo hupanda na kuiachia nafasi hewa ya baridi. Upepo huongeza upotevu huu. Mtu aliyekaa Kirumba anajua kwamba mchana upepo huvuma kutoka ziwani, kwa kuwa nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, na usiku hugeuka ukavuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Kwa hiyo tundu ambalo halina madhara mchana laweza kuwapuliza vifaranga usiku kucha. Mfugaji hana budi kuchunguza banda lake saa nane za usiku, si saa nane za mchana.

Ya tatu ni mnururisho. Moto, balbu na jua hupeleka joto bila ya kuhitaji hewa. Hapa kuna tahadhari ya siku hizi. Balbu za zamani zenye waya unaowaka hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto. Ubaya huo wa taa ndio uliozifanya zifae kwa vifaranga. Balbu mpya za kubana matumizi hutoa nuru nyingi na joto kidogo. Anayetundika balbu ya namna hiyo huwapa vifaranga mwanga, nao huendelea kupata baridi.

Ya nne ni mvukizo. Maji yakigeuka kuwa mvuke huchukua joto. Gramu 1 ya maji ikivukizwa katika joto la mwili huchukua karibu jouli 2400. Kumpoza kifaranga wa gramu 40 kwa nyuzi 1 huhitaji kuondoa jouli 140 hivi. Basi kama joto lote lingetoka mwilini mwake wala lisirudishwe, kukauka kwa gramu moja tu ya maji kungempoza kwa nyuzi 17. Kifaranga aliyetumbukia katika sahani ya maji yumo hatarini hata siku ya joto. Kwa sababu hiyo sahani ya maji iwe ya kina kifupi, na itiwe kokoto safi ili vifaranga wanywe bila ya kulowa.

KINENGUNENGU

Kutengeneza mama wa bandia si wazo jipya. Wamisri wa kale waliangua mayai kwa joto lisilo la kuku, na Aristotle aliandika habari zao. Mwaka 1749 Mfaransa René-Antoine de Réaumur, aliyewahi pia kubuni kipimajoto, alichapisha kitabu juu ya kuangua na kulea kuku kwa joto la kutengenezwa.

Wafugaji wa Tanzania wana chombo chao kiitwacho kinengunengu. Huu ni uzio wa duara wenye kuta mbili. Kuta huweza kufanywa kwa matete, karatasi ngumu za maboksi au mabati. Ukuta wa nje uache nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kutoka ule wa ndani, na nafasi hiyo ijazwe maganda ya mpunga au maranda makavu. Kazi ya kuzuia joto hufanywa na hewa iliyonaswa kati ya maganda, maana hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Maganda yakilowa, maji huchukua mahali pa hewa na faida hupotea. Kwa vifaranga 100, duara lenye kipenyo cha mita 2 na ukuta wa nusu mita hutosha kwa siku za mwanzo. Baadaye nafasi iongezwe. Umbo la duara lina sababu: katika pembe za chumba cha mraba vifaranga hurundikana, na walio chini hukosa pumzi.

Chanzo cha joto kikae katikati, kimezungushiwa wavu ili vifaranga wasiungue. Joto likipimwa karibu na chanzo hicho, sentimita 5 juu ya matandazo, yaani penye mgongo wa kifaranga, liwe nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, 29 hadi 32 katika wiki ya pili, 26 hadi 29 katika wiki ya tatu, na 23 hadi 26 katika wiki ya nne. Mwanza, ambako mchana joto mara nyingi hufika nyuzi 27 au zaidi, vifaranga wa wiki tatu aghalabu hawahitaji moto mchana. Usiku wa Juni hadi Agosti ni jambo jingine.

Si lazima duara zima liwe na joto moja. Kifaranga mwenye mama huingia chini ya ubawa apatapo baridi na hutoka akipata moto. Kinengunengu kizuri humwachia uchaguzi huo: katikati pana joto, pembezoni pana ubaridi. Hapo vifaranga wenyewe huwa kipimajoto. Wakirundikana karibu na moto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukutani, wametanua mbawa na kuhema kwa midomo wazi, joto limezidi. Wakijikusanya upande mmoja, kuna upepo unaoingia. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila na wengine wamelala, hali ni njema.

HEWA TULIYOISAHAU

Sasa turudi kwenye kisa cha Kirumba. Vifaranga waliokufa kwa baridi hukutwa wamelundikana. Wale 36 hawakulundikana. Wengi walikuwa wamelala mmoja mmoja karibu na majiko. Nilipowapasua wawili, nyama na damu yao zilikuwa nyekundu mno. Shangazi, aliyekuwa ameingia mle alfajiri na kukaa kitambo, alilalamika kichwa kumuuma.

Mkaa ni kaboni. Ukiungua penye hewa ya kutosha hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Penye upungufu wa oksijeni hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Himoglobini ya damu ya binadamu huishika hewa hii kwa nguvu inayozidi zaidi ya mara 200 nguvu inayoishikia oksijeni. Damu iliyoshikwa hivyo hugeuka nyekundu sana, lakini haina oksijeni ya kuupa mwili. Ndege wadogo huathirika mapema, kwa kuwa hupumua upesi. Mwishoni mwa karne ya 19 John Scott Haldane alipendekeza wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza wachukue ndege wadogo migodini ili wawaonye, na ndege hao waliendelea kutumika huko hadi mwaka 1986. Mimi niliyajua hayo yote. Nilikuwa nimeyafundisha. Lakini usiku ule nilikuwa nikifikiri juu ya joto peke yake, na kila ufa nilioziba ulionekana kwangu kuwa ushindi.

Watu wengi huwasha mkaa nje mpaka moshi uishe, kisha huingiza jiko ndani wakidhani hatari imekwisha. Sivyo. Moshi unaoonekana siyo ile hewa yenye kuua. Mkaa mwekundu usiotoa moshi hata kidogo bado hutoa kaboni monoksidi. Jambo hili halihusu kuku tu. Shangazi alikuwa ameazimia kutandika mkeka mle chumbani ili awaangalie vifaranga wake, akazuiwa na mgeni aliyefika jioni. Sipendi kuimaliza hesabu ya usiku ule kama mgeni yule asingekuja. Kanuni ni hii: mtu asilale katika chumba chenye jiko la mkaa, na banda lenye jiko liwe na matundu yaliyo wazi, mengine juu ambako hewa ya moto hutokea, na mengine upande usio na upepo, juu ya kimo cha ukuta wa kinengunengu, ambako hewa safi huingilia.

Usiku uliofuata shangazi hakuniuliza tena. Alichemsha maji, akayajaza katika madumu mawili ya lita 5, akayafunga kwa magunia na kuyaweka katikati ya vifaranga. Mimi nilichukua kalamu. Maji ya kilo 5 yakipoa kutoka nyuzi 70 hadi 35 hutoa 5 × 4200 × 35, yaani jouli 735,000. Yakichukua saa 6 kupoa, hiyo ni sekunde 21,600, wastani wake ni wati 34. Madumu mawili ni wati 68, sawa na balbu moja ya zamani, bila ya moshi, bila ya sumu, wala bila ya kuogopa umeme kukatika. Aliamka mara moja usiku kubadili maji. Vifaranga 64 waliobaki walitawanyika na kulala. Kwa vifaranga wachache, au umeme unapokatika, njia hii yafaa sana.

MAJI, MATANDAZO NA MARADHI

Vifaranga wanapofika wapewe kwanza maji safi, kisha chakula. Chakula cha mwanzo kiwe na protini ya asilimia 20 hivi. Dagaa wa Ziwa Victoria ni chanzo kizuri cha protini hiyo, mradi wawe wamekauka vema, hawana ukungu wala mchanga. Mchanga huongeza uzito wa gunia, haumlishi kuku.

Matandazo yabaki makavu. Ukiinama hadi kimo cha kifaranga na harufu ya amonia ikakuchoma puani, ujue kwamba vifaranga wanaivuta saa zote, nayo huharibu njia zao za pumzi. Unyevu pia hukuza vijidudu viletavyo ugonjwa wa kuhara damu, ambao hushambulia sana vifaranga wa wiki tatu hadi sita. Mayai ya vijidudu hivyo hutoka katika kinyesi, na ili yaweze kuambukiza huhitaji unyevu, joto na oksijeni kwa siku moja au mbili. Palipo pakavu wengi wao hushindwa kukomaa. Basi kugeuza na kubadili matandazo ni dawa kabla ya dawa.

Ugonjwa mwingine ni mdondo, uitwao pia kideri, unaosababishwa na virusi na usio na tiba. Chanjo ndiyo kinga. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, kwa hiyo hufaa vijijini. Hutiwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mfugaji amwone mtaalamu wa mifugo wa kata yake kwa ratiba kamili, pamoja na chanjo za Gumboro na ndui. Kifaranga aliyedhoofishwa na baridi huenda asijenge kinga ipasavyo hata akichanjwa.

JARIBIO LA DARASANI

Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zimewahi kuwa na mradi wa kuku. Hata shule isiyo na kuku yaweza kufanya jaribio hili.

Chukua chupa tatu zenye umbo linalofanana: moja ndogo na mbili kubwa zilizo sawa. Zijaze maji ya nyuzi 60. Chupa moja kubwa ifunge ndani ya boksi lililojazwa maganda makavu ya mpunga. Pima joto la kila chupa baada ya kila dakika 5 kwa muda wa dakika 40, kisha chora grafu tatu katika mhimili mmoja. Rudia kwa kuifunga chupa ndogo kitambaa kilicholowa. Grafu ya chupa ndogo ni ya kifaranga, ya chupa kubwa ni ya kuku, ya chupa iliyofungwa maganda ni ya kinengunengu, na ya kitambaa ni ya kifaranga aliyelowa.

MASWALI

1. Kwa nini kipimajoto kitundikwe sentimita 5 juu ya matandazo, wala si ukutani penye kimo cha mtu?

2. Bata mzinga mchanga ana gramu 60, na mama yake ana kilo 6. Kwa kila gramu ya mwili, mtoto ana eneo la nje linalomzidi mama mara ngapi?

3. Mfugaji amekuta vifaranga 20 wamekufa wakiwa wamelundikana upande wa kusini wa kinengunengu, na waliobaki wamesimama papo hapo. Chanzo chaweza kuwa nini, na angefanya uchunguzi gani kabla ya kuongeza moto?

4. Madumu matatu ya lita 5 yamepoa kutoka nyuzi 65 hadi 40 kwa saa 5. Yametoa wastani wa wati ngapi?

5. Eleza kwa nini kutoonekana kwa moshi si uthibitisho kwamba hewa ya chumbani ni salama. Jibu lako lisome nyumbani kwenu, mbele ya wote wanaotumia jiko la mkaa.